Neno "Kwanza" Lilivyoninyima Usingizi

Majina ya walioitwa kwenye usaili wa kazi yalitoka usiku. Nilikuwa nimeshalala, maana kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kuwahi Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, na shangazi, na ukitaka dagaa wa kupanga bei mwenyewe pale Kirumba lazima ufike kabla jua halijajua kuna watu. Nilipoamka nikaikuta simu imejaa ujumbe. PDF ya kurasa kibao, majina kwa herufi kubwa, kada kwa kada. Simu yangu ina ufa unaopita katikati ya kioo, kwa hiyo kila jina lililoangukia kwenye ufa nililisoma mara mbili. Afisa Ustawi wa Jamii Daraja la II. Nilikuwepo.

"Shangazi, nimeitwa."

"Umeitwa na nani?"

"Kwenye usaili."

Hakugeuka. Alikuwa anampimia mteja sado, na shangazi akipima dagaa hata radi ikipiga hainui kichwa. Mteja alipoondoka ndipo akajifuta mikono kwenye kitenge. "Ule ule wa mwaka juzi?"

"Kada ile ile."

"Haya, ng'wanawane. Safari hii usiende kuwasomea wazungu wako. Wajibu wanachouliza."

Inabidi nieleze hiyo kauli, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Mwaka juzi niliingia kwenye usaili wa mchujo nikiwa nimekariri kama kasuku. Hatua nane za ukuaji za Erikson. Ngazi tano za mahitaji za Maslow. Kanuni saba za Biestek, yule padre Mjesuiti wa Marekani ambaye tangu mwaka 1957 hakuna mwanafunzi wa ustawi wa jamii aliyelala salama kwa ajili yake. Karatasi ikaleta kisa cha mtoto aliyeacha kuja shule, ikauliza hatua utakazochukua kwa mpangilio. Mimi nikajaza ukurasa mzima kuhusu hatua ya nne ya Erikson, bidii dhidi ya kujiona duni, miaka 6 hadi 12. Hapakuwa na uongo hata kidogo kwenye ule ukurasa. Ila yule mtoto nilimwacha huko huko kwao, sikumfikia. Nilitoka nikiwa nimefurahi, nikanunua soda. Matokeo yalipokuja nikaelewa kwamba ile soda nilijipongeza mapema.

Safari hii nilikuwa na siku 19.

Vitabu vyangu vilikuwa vya aina tatu, na nitavitaja kwa uaminifu. Kulikuwa na madaftari ya chuo, tangu nikiwa pale Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, chuo kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1973 na ambacho nusu ya maofisa ustawi niliowahi kukutana nao wamepitia. Kulikuwa na kundi la WhatsApp la wasailiwa, ambako kila saa mtu anatupia "maswali ya nyuma" yenye majibu. Majibu hayo sijui huwa yanapikwa wapi. Kuna faili moja lilimzaa Freud Marekani, lingine likasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 21. Ukiwauliza, wanakujibu kwa emoji ya mikono iliyofumbatana.

Na kulikuwa na fotokopi. Kitabu cha mazoezi cha Wamarekani, kilichoachwa na mwenzangu wa bwenini aliyehamia fani nyingine, kurasa za mwanzo hazipo, kimefungwa kwa uzi wa nyavu. Humo ndimo nilimojua kwamba kule ustawi wa jamii wa shuleni ni tawi linalosimama lenyewe. Walianza mwaka 1906 na 1907 katika miji ya New York, Boston na Hartford, wakiitwa walimu watembeleaji, kazi yao kupanda ngazi za nyumba za wahamiaji kuuliza kwa nini mtoto haji darasani. Leo kuna majimbo yenye mtihani wake maalumu kwa mtu anayetaka kufanya kazi hiyo shuleni, mbali na ule mtihani wa leseni wa wafanyakazi wote wa ustawi. Chama chao kinapendekeza ofisa mmoja kwa wanafunzi 250.

Niliposoma hiyo namba nilicheka peke yangu usiku, hadi jirani akagonga ukuta. Shule ninayojitolea, kando ya ziwa upande wa Ilemela, ina watoto zaidi ya 2,000. Ofisa ustawi hayupo. Yupo mwalimu wa malezi, ambaye pia anafundisha Hisabati madarasa mawili, ni matroni, ni mhasibu wa uji, na siku za mvua ndiye anayejua bati lipi linavuja. Mimi nakaa naye kwenye kichumba kilichokuwa stoo ya majembe. Hatulipwi kwa kazi hiyo, mimi silipwi kabisa, yeye halipwi kwa hiyo sehemu. Mlangoni tumebandika karatasi, "Ushauri Nasaha", na watoto wanapaita Stoo.

Sasa huo mtihani wa leseni wa Wamarekani. Katika fotokopi yangu ulikuwa na maswali 170 kwa saa nne, na 20 kati ya hayo hayahesabiwi, yanajaribiwa tu, lakini mtahiniwa haambiwi ni yapi. (Hilo nililiona la kikatili kidogo. Halafu nikafikiria maisha ya kawaida, nikanyamaza.) Maswali mengi ni visa vifupi vyenye majibu manne, na majibu yote manne ni mazuri. Ndiyo shida yenyewe. Ukisoma A unasema naam. B, naam. Ofisa mzuri angefanya yote manne. Lakini mwishoni mwa swali pana neno moja kwa herufi kubwa: KWANZA. Ufanye nini KWANZA?

Neno hilo lilininyima usingizi. Nilikuwa nakosea maswali saba kati ya kumi, na si kwa kutojua. Mimi nilikuwa nawahi kuchukua hatua. Mtoto analia, mimi nishapiga simu polisi. Mama amelewa, mimi nishaandika barua ya rufaa. Kitabu kinaniambia kwa upole, jibu sahihi ni C, ofisa akusanye taarifa zaidi. Au jibu sahihi ni B, ofisa ahakikishe usalama wa mtoto kwa muda huo. Utaratibu wao ukiuzoea si mgumu. Kama kuna hatari ya sasa hivi, usalama unatangulia kila kitu. Kama hakuna, sikiliza na upime kabla ya kugusa. Ukishapima ndipo upange, na upange pamoja na mwenye tatizo, usimpangie. Nimeuandika hapa kwa mistari mitatu. Kuuingiza kichwani kulinichukua wiki mbili.

Aliyenisaidia ni kaka mmoja wa Buhongwa, tulisoma wote, ana digrii ya ustawi na anaendesha bajaji. Naye alikuwa ameitwa. Akiwa hana abiria alinichukua Mabatini ninakokaa, nikakaa nyuma na fotokopi, tukawa tunaulizana njia nzima hadi Nyegezi na kurudi. Bajaji inaunguruma, anauliza kwa kupiga kelele.

"Mwanafunzi amekuja na jeraha mkononi, anasema ameanguka! Ufanye nini KWANZA?"

"Namwuliza ilikuwaje!"

"Mbele ya darasa?"

"Hapana, namtoa pembeni!"

"Ehee! Hapo ndipo ulipokosa jana, dada!"

Siku moja abiria tuliyempakia Mkuyuni, mama mtu mzima mwenye ndoo ya sangara miguuni, alitusikiliza hadi akashindwa kuvumilia. "Ninyi watoto, huyo aliyeumia si mngempeleka hospitali kwanza?" Tukatazamana. Alikuwa sahihi. Kwenye fotokopi jibu lilikuwa hilo hilo.

Nikaanza kuliona hilo neno kila mahali, hata pale Stoo, kwenye daftari la mahudhurio. Kuna kitu nilikuwa nimekiona muda mrefu bila kukisoma. Darasa la sita lilikuwa na watoto kama kumi na wanne ambao utoro wao ulikwenda kwa mawimbi. Siku kadhaa wanakuja wote, nguo safi, kazi ya nyumbani imefanywa. Halafu wiki mbili wanapotea, wanaingia saa nne wananuka samaki, au hawaingii. Mwalimu wa zamu alikuwa na dawa yake moja. Na hapo niseme, kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mwalimu mkuu au aliyepewa idhini naye, na iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa zamu hizo kanuni hakuwahi kuziona, na mimi mwenyewe nilizisoma kwa ajili ya usaili.

Wiki ya kwanza ya kusoma, nimechoshwa na nadharia, nikachukua daftari la muhula mzima na kalenda. Si kalenda yangu. Kalenda ya jirani, mama mmoja Mwislamu ambaye anaifuata miezi ya Kiislamu kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Nikaweka tarehe za utoro kando ya tarehe zake. Kila ilipofika kati ya tarehe 11 na 18 za mwezi wake, watoto wangu walikuwepo shuleni. Mwezi ulipokonda, walipotea.

Mtu wa ziwani ameshaelewa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri, zinaelea majini mpaka ukisimama juu ya majabali ya Mabatini unadhani kuna mji mwingine ziwani. Dagaa hufuata mwanga. Lakini mbalamwezi ikiwa kali maji yote yanakuwa meupe, taa inakosa kazi, mitumbwi inapumzika. Likirudi giza, kazi inarudi, na alfajiri dagaa wanafika mwaloni kwa madebe na lazima waanikwe kabla jua halijapanda, kwenye chanja, kwenye nyavu kuukuu, kwenye mchanga. Mvua ikiwakuta wamelowa, wanauzwa bei ya chakula cha kuku. Mikono inayotakiwa hapo ni mingi, na ile ya bei rahisi ipo darasa la sita.

Nilimwonyesha mwalimu wa malezi. Akaangalia kalenda, akaangalia daftari, akasema, "Miaka tisa niko hapa." Basi. Tulikaa kimya tukisikiliza mpira ukigonga ukuta wa Stoo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo kwenye usaili ndiyo Biblia yenu na Kurani yenu, inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kazi isiyomzuia mtoto kusoma. Wengi wa hao kumi na wanne walikuwa na miaka 12. Lakini hebu niambie, hapo nini kwanza? Kuwaripoti wazazi kumi na wanne? Shangazi yangu mwenyewe dagaa zake zimeanikwa na nani? Niliuliza swali hilo nikiwa nimekaa juu ya gunia lake, na sikuliuliza kwa sauti.

Tulichofanya kilikuwa kidogo. Mwalimu mkuu alikubali wiki za giza vipindi vya marudio vya darasa la sita viwe mchana badala ya asubuhi. Akaitwa mwenyekiti wa mtaa, wakaitwa wazazi, wakaja wachache. Mzee mmoja alisema kwa Kisukuma kwamba yeye alianika dagaa tangu ana miaka saba na hakufa. Mama mmoja akamjibu kwamba hakufa lakini barua ya mkutano ilibidi asomewe. Watu walicheka, naye akacheka. Baada ya hapo, kati ya wale kumi na wanne, sita walianza kuonekana mchana. Wanane bado.

Nimekaa sana kwenye dagaa kwa sababu jambo linalofuata sipendi kuliandika.

Miezi kadhaa kabla ya majina kutoka, binti mmoja wa darasa hilo hilo alikuja Stoo wakati wa mapumziko. Nitabadilisha vitu kadhaa ili asijulikane. Alisimama mlangoni, hakukaa, anavuta uzi wa sweta.

"Madam, nikikuambia kitu utamwambia mtu?"

Nikasema, "Hapana. Naahidi."

Nilisema haraka. Nilidhani ndio upendo huo, na Biestek nilikuwa naye kichwani, kanuni ya saba, kutunza siri. Akakaa, akanieleza. Akimaliza mtihani wa muhula atapelekwa kisiwani, kwenye kambi ya wavuvi, nyumbani wanasema anakwenda kumsaidia ndugu kupika. Lakini amesikia usiku wakihesabu. Kuna mtu ana mtumbwi, mama yake ana deni kwa huyo mtu, na ng'ombe wametajwa.

Mtoto akishakuambia hivyo, ahadi yako haina pa kukaa. Binti ni mwanafunzi, na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa ya eneo hilo. Kifungu hakisemi "isipokuwa aliyeahidi". Nilikwenda kwa mwalimu mkuu saa ile ile, tukapiga 116, Simu ya Mtoto, haina malipo, kesho yake tukawa kwa ofisa ustawi wa halmashauri, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Watu walifanya kazi yao, siwezi kulalamika. Mwenye mtumbwi alitorokea ziwani usiku huo huo. Mama alikuja shuleni, akalia, akanitukana, akalia tena. Binti akahamishiwa kwa bibi yake, mitaa miwili tu kutoka kwao, na masomo hayakukatika.

Mtu akisikia kisa hiki ananipongeza. Kaka wa bajaji alinipongeza. Lakini binti alipitia Stoo mara moja, wiki ile, akasimama pale pale mlangoni.

"Madam, uliniahidi."

Hakusubiri nijibu.

Basi usiku wa siku ya tisa ya kusoma, taa ya sola imebaki mwanga wa kahawia, pembeni nina bakuli la matobolwa na karanga, nikafungua fotokopi sura ya maadili. Swali lilikuwa na kisa cha mwanafunzi wa miaka 13 anayemwomba ofisa wa shule aahidi kutosema kabla hajaeleza jambo lake. Ofisa afanye nini KWANZA? Majibu manne. Kuahidi, ili mtoto awe huru kuongea. Kukataa kusikiliza. Kumwita mzazi. Au kumweleza mtoto, kabla hajaendelea, mambo ambayo ofisa anaweza kuyatunza na yale ambayo hawezi, halafu kumwachia aamue kama aendelee.

Sikuhitaji kugeuza ukurasa kutafuta jibu. Niliufunga uzi wa nyavu nikalala na nguo.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nalijua. Chuo walitufundisha. Hata Biestek mwenyewe hakusema siri haina mipaka. Laiti ningemwambia binti, "Mengine nitakaa nayo, lakini likiwa jambo la kukuumiza nitalazimika kumwambia mtu wa kukusaidia, na nitakuambia kwanza kabla sijamwambia." Sekunde kumi. Labda angegeuka akaondoka, hilo nalo linawezekana, na ningebaki na binti aliyekwenda kisiwani. Sijui nilale vipi na hilo. Kitabu hakisemi binti wa swali lake aliamua nini.

Kuhusu kitabu hicho niongeze kitu, kwa wanaojiandaa. Kitumieni kwa ajili ya mpangilio, msikitumie kwa ajili ya anwani. Wamarekani jibu lao la ukatili linaishia kwenye huduma za ulinzi wa mtoto za jimbo, simu moja, na ofisa asiyeripoti anaweza kujikuta mahakamani. Kumbukumbu za mwanafunzi kwao zina sheria yake ya mwaka 1974. Kule kuna kesi ya Tarasoff, California, 1976, kuhusu wajibu wa mshauri pale mteja anapotishia uhai wa mtu mwingine, na kila mtahiniwa anaifahamu. Ukiyaandika hayo kwenye karatasi ya Tanzania utakuwa umefanya kama mimi mwaka juzi. Hapa andika mtaa, kata, ofisa ustawi wa halmashauri, Dawati la Jinsia, 116. Andika PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kama kuna kuumizwa. Jua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, kwamba Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo mwaka 2019. Jua Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, unaomruhusu aliyekatiza masomo, hata kwa ujauzito, kurudi darasani. Na kama swali limewekwa kisiwani, kumbuka kuna mtumbwi kati yako na kituo cha polisi. Wengi huandika "nitampeleka mara moja" kana kwamba ziwa lina lami.

Siku yenyewe. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, viatu vyeusi vya kuazima kila kona, bahasha za kaki kifuani kama ngao. Dada mmoja alikuja na mtoto mchanga na mdogo wake wa kumshika, yule mdogo akawa anazunguka nje kwenye mwembe, mtoto akilia tunamsikia ndani, na mama yake anaandika huku kichwa kimeinamia dirishani. Walikagua vitambulisho na vyeti halisi. Kaka wa bajaji alikuwa mstari wa nyuma, ameichomekea shati ambayo sijawahi kuiona, akaninong'oneza, "Dada, KWANZA." Msimamizi akamkata jicho.

Maswali siwezi kuyaandika hapa na haingekuwa sawa. Nitasema tu kwamba lilikuwepo moja lililogusa siri ya mtoto. Niliacha nafasi, nikajibu mengine yote, nikarudi kwake mwishoni zikiwa zimebaki dakika kama 20. Niliandika mistari sita. Hakuna mzungu hata mmoja humo. Mkono ulikuwa unatetemeka kidogo, mwandiko ukawa wa mtoto.

Majibu ya mchujo hayajatoka ninapoandika. Nimerudi Mwaloni. Juzi ilikuwa mbalamwezi, chanja tupu, wanaume wanashona nyavu kivulini, na sisi tunauza akiba ya wiki iliyopita. Karibu na saa kumi, watoto wametoka shule, nikamwona binti anakuja na kikapu cha bibi yake. Amerefuka. Alinitambua akiwa mbali, hatua zikapungua, halafu akaendelea kuja kwa sababu dagaa wetu ndio wa bei.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Hujambo? Bibi?"

"Hajambo." Akamgeukia shangazi. "Nusu sado ni shilingi ngapi?"

Shangazi akampimia, akamwongezea nyongeza ya mkono mzima, ambayo mimi ndugu yake sijawahi kupewa. Binti akahesabu sarafu moja moja, akafunga kikapu, akaondoka kwa njia ya juu, ile inayopita kwenye majabali.

"Unamfahamu yule?" shangazi akaniuliza.

"Ni mwanafunzi wetu."

"Wa nani?"

"Sijui, shangazi," nikasema, nikaendelea kufunga gunia.